Aonje Aliyepika

Bibi yangu mzaa baba hakuamini kwamba mboga huoza. Aliamini kwamba watu ni wavivu. Kabichi inayonuka kwake ilikuwa kabichi ambayo haijavuliwa majani ya nje, nyanya iliyopasuka ilikuwa nyanya iliyomwonea huruma mwenye kisu butu, na pilipili hoho yenye kidonda upande mmoja ilikuwa bado na upande wa pili ambao haujamkosea mtu. Alizaliwa pwani, akaletwa Ngara na mume aliyeuza vitambaa, mume akafa, naye akabaki na mtoto wake mmoja, duka, na ubishi. Ubishi huo nimeurithi mimi, wala sioni haya kusema.

Chakula chake cha mabaki kilikuwa mayai. Yeye aliyaita kiwanda, kwa jina la kwao, na sisi tuliyaita mayai ya mabaki. Unakaanga kitunguu kwanza, hata kama kimeshachipua. Unatia karoti na hoho, halafu kabichi, halafu nyanya, na kiazi kilichobaki mchana kikiwapo. Mboga zikikauka maji, unamimina mayai yaliyopigwa, unafunika sufuria kwa bati na kupalia makaa juu yake. Moto juu, moto chini, na usifunue funue kama mtu aliyepoteza sindano. Yanapanda, yanashikana, unayakata pembe pembe kama keki. Ni chakula cha haraka kuliko vyote ninavyovijua, na ndiyo maana siku ile kilipikwa.

Aliyekipika vizuri kuliko wote nyumbani hakuwa Bibi bali Mama, na Mama hakuwahi kukionja. Alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa hapo hapo Ngara, kutoka Bukiriro, amesilimu alipoolewa, lakini kwao mwanamke hakula yai, na hilo halikuondoka na jina lake la zamani. Bibi alimcheka miaka miwili mitatu, kisha akachoka. Mama alipima chumvi kwa kunusa, na asipokuwa na hakika aliniita mimi. "Njoo uwe ulimi wangu," alikuwa akisema, nami nilijiona mtu mkubwa sana. Wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, na Mama alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa ameshazika watoto wawili baada yangu. Kwa mwenye mimba mwiko wa yai ulikuwa mzito zaidi: mtoto angetoka bila nywele, au asingetoka mzima kabisa. Mama hakuwa na mzaha na mimba ile, hata ndoo ya maji alikuwa haigusi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi waliovuka mpaka kukimbia mauaji. Vilima tulivyovijua vya kijani viligeuka buluu kwa maturubai, miti ikaisha, na moshi wa kambi ulikaa bondeni mpaka jua likiwa juu. Biashara ilikuwa nzuri, nani atakataa? Mama aliuza mboga soko la Nyamiaga kuliko alivyowahi kuuza, na jikoni kwetu tulipikia mafuta ya kopo ya msaada kama nyumba nyingine zote. Lakini watu walianza kuzungumza huku wakitazama nyuma. Barabara ya Biharamulo magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi wa msituni. Watu waliokuwa wakinunua kwa Mama wiki hii hawakuonekana wiki iliyofuata, na ukiuliza unaambiwa amehamia kambi nyingine, kwa sauti inayokukataza kuuliza tena. Habari za sumu zilikuwa kila mahali: sumu kwenye pombe, sumu kwenye maharage, sumu chini ya ukucha wa mtu anayekupa mkono. Niliogopa, na sikupenda kuambiwa kwamba mimi ni mtoto na hayanihusu.

Katika miaka hiyo aliishi kwetu msichana niliyemwita Dada. Alifika kwenye meza ya Mama sokoni akiomba kazi kwa chakula tu, hakutaka kingine. Aliosha karoti, alibeba matenga, alilala chumba kimoja na mimi, na usingizini alisaga meno. Alikaa nasi miezi kabla hajamweleza Bibi kilichomtoa kwao. Alikuwa amejificha shambani, kwenye migomba, akamwona mtu mmoja akiua majirani zake nyumba nzima. Mtu yule naye alivuka mpaka, tena akiwa na heshima zake, na sasa alikuwa mkubwa katika kambi, ana watu wa kumfungulia njia na koti la kijani asilolivua hata kwenye jua. Na alikuwa amesikia kwamba yule msichana wa kwenye migomba yu hai, na yuko kwa wauza mboga.

Baba alipoelezwa alitafuta mahali pa kumficha. Alikuwa na lori la kukodisha, na huko Bisibo, upande wa Biharamulo, alikuwa na rafiki mkulima aliyekaa mbali na barabara. Alikwenda kuzungumza naye. Angerudi na msafara wa jioni, na asubuhi yake angempeleka Dada. Tulichotakiwa kufanya sisi ni kungoja siku moja tu.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea, Mama amerudi na tenga la mabaki alilobebewa, amejilaza kidogo mkekani, Dada anaosha karoti uani. Tukasikia hodi. Bibi akajibu karibu kabla hajajua anamkaribisha nani, kwa maana karibu ya Bibi ilitoka yenyewe kama kupiga chafya. Dada aliisikia ile sauti ya hodi. Aliweka karoti chini polepole, moja, halafu nyingine, akaingia stoo ya vitunguu bila kukimbia. Stoo ilikuwa haina mlango, ina kanga tu iliyotungikwa kwenye uzi. Nilienda nikaivuta ikafunika vizuri, na nilipogeuka, koti la kijani lilikuwa limeshaingia sebuleni.

Walikuwa wawili. Huyo mwenye koti, mtu wa makamo, uso wa mwalimu mpole, na mwingine mnene ambaye sikumsikia akisema neno mpaka walipoondoka.

"Shikamoo, mama mzazi," mwenye koti akamwambia Bibi, akainama kidogo.

"Marahaba. Karibuni mketi."

Adabu ile ndiyo iliyonitia baridi. Ningependa angetukana.

Akasema amesikia hapa kuna binti wa kwao. "Ni ndugu yetu. Aripotea njiani, wazee wanaria kira siku. Tumekuja kumchukua."

Herufi zake zilibadilishana nafasi, lakini hilo lilikuwa la kawaida kwetu, hata mwalimu wangu wa hesabu alikuwa hivyo. Mama alikuwa ameshainuka, ameshika kiuno. Akajibu kwamba wasichana wa kazi huja na kuondoka, na huyo wanayemsema aliondoka siku nyingi.

"Basi turuhusu tutazame tu, turidhike, twende."

Alisema hivyo akiitazama ile kanga ya stoo. Ilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi, na mnene alishaanza kunyanyuka. Bibi akapiga paja lake.

"Loo! Mgeni hatazami nyumba ya watu na njaa tumboni. Mnataka majirani waseme nini juu yangu? Kaa chini, mwanangu. Mtakula, halafu mtatazama mpaka mchoke."

Nimefikiri sana kwa nini alikubali. Huenda hakutaka kelele, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimebanana na mtaani kulikuwa na watu. Huenda alipenda kuitwa mwanangu. Naamini zaidi kwamba alijiona mwenye muda. Hakujua kwamba kabla ya magharibi msafara wa Biharamulo ungesimama pale pale kwenye kona yetu, askari washuke wanywe chai, kama walivyofanya kila mara.

Jikoni Mama aliniambia sikioni, "Baba yako yuko njiani na askari. Hawa wakae wakila mpaka afike. Kata kitunguu." Wali ungechukua muda, na hawa wangechoka kungoja wakainuka. Ugali ungetaka mboga ya pembeni. Mayai yangefika mbele yao kabla hawajaanza kujikuna, na kula kungemaliza muda uliobaki. Alipindua tenga sakafuni: nusu kabichi, nyanya zilizopondeka, hoho mbili zenye madoa, vitunguu vilivyochipua. Karoti zilikuwa zile zile alizoziacha Dada uani, bado zinachuruzika maji. Nilizichukua, na nilipozikata nikajikata kidole. Mama aliona damu, akaisukuma karoti ile pembeni, akaendelea na kabichi. Sikuwahi kumwona akikata haraka vile.

Huko sebuleni Bibi alizungumza. Alizungumza juu ya magoti yake, juu ya bei ya sukari, juu ya marehemu mume wake na ngamia aliyemwona utotoni. Katika maisha yangu nimemkasirikia Bibi mara nyingi kwa maneno mengi, lakini jioni ile niliomba Mungu asimalize. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi nilisikia kiti kikilia, kama mtu anataka kusimama, na maneno yakaanza upya.

Mama alipasua mayai ya kuku wa Bibi, yote yaliyokuwamo kapuni. Akamimina, akafunika, akapalia makaa juu ya bati. Tulisimama tukilitazama lile bati. Stoo ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa jiko, na haukutoka huko hata mchakacho wa ganda la kitunguu. Mama alinusa mvuke uliotoka pembeni, akakunja uso kwa shaka, akaanza kuniita nionje. Kisha akaacha, kwa sababu mtu mnene alikuwa amesimama mlangoni akitutazama.

Tukapeleka. Mimi sinia, Mama maji ya kunawa. Mwenye koti alinawa taratibu, akajifuta, akatazama yale mayai yaliyokatwa pembe pembe, yana rangi nzuri kuliko siku zote. Hakugusa.

"Kwetu," akasema, "anayetoa huonja kwanza."

Hilo halikuwa geni Ngara. Pombe ya ndizi haikupewa mgeni kabla mwenyeji hajaipiga funda mbele yake. Lakini Bibi wa pwani aliliona tusi. "Nyumba hii haijaua mtu," akasema, na akanyoosha mkono achukue kipande.

Yule mtu alimzuia kwa kiganja tu, bila kumgusa. "Hapana, mama mzazi. Wewe umeshakura chumvi nyingi."

Nikasema mimi ndiye ninayeonja kila siku, muulizeni yeyote. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Akanitabasamia.

"Mtoto hutumwa. Aonje ariyepika."

Aliposema hivyo hakuutazama uso wa Mama, alitazama tumbo lake. Alijua. Alikuwa mtu wa desturi kama za kina Mama, alimwoa mwanamke wa kwao, alizaliwa na mwanamke wa kwao, alijua anachomwambia mwanamke mwenye mimba ale. Nadhani alitaka akatae, apate sababu. "Kama ni vibaya," akaongeza, "basi tusire. Tutazame stoo hapo, twende zetu."

Mama aliketi chini mkekani, kwa shida, akaegemeza mkono nyuma. Nilidhani atamega ncha, kiasi cha kuridhisha macho ya mtu. Alichukua pembe nzima. Akasema bismillahi, akaila yote, akitafuna polepole kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali, na koo lake nililiona likikataa na likilazimishwa. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ambayo mpaka leo sijaipunguza na sina mpango wa kuipunguza.

Alipomeza tonge la mwisho alifuta midomo kwa upande wa kanga. "Chumvi imepungua," akasema, kwa sauti yake ya sokoni. "Mwanangu, lete chumvi."

Nilipita mbele ya stoo kwenda jikoni. Nilitega sikio nisikie Dada akipumua, sikusikia kitu, na hilo liliniogopesha zaidi. Niliporudi na chumvi walikuwa wanakula. Walikula kama watu waliokosa chakula cha nyumbani kwa muda mrefu, nao ndivyo walivyokuwa. Yule mnene alikomba sinia kwa kidole. Mama aliketi pale pale, mikono miwili juu ya tumbo, akiwakaribisha waongeze.

Honi ya lori la Baba ilisikika likiwa bado kwenye mteremko. Nyuma yake zikaja nyingine, na breki, na kelele za askari wakiagiza chai pale kwenye kona. Mwenye koti alisikiliza mpaka akaelewa. Alisimama, akajipangusa makombo, akamshukuru Bibi kwa chakula.

"Tutarudi kutazama siku nyingine," akasema.

Nao walirudi kweli, wiki hiyo hiyo, wakaifunua ile kanga na kukuta magunia ya vitunguu. Dada alikuwa ameshaondoka. Baba alimchukua kesho yake asubuhi, chini ya matenga matupu, turubai juu, na alimwona kwa macho yake akipokewa Bisibo na mke wa yule rafiki na kupewa jembe siku ile ile. Kabla hajapanda lori Dada alipiga magoti mbele ya Mama. Mama alimwambia asimame, atachafua nguo.

Tangu siku ile Mama alianza kuulizia tumbo lake. Aliuweka mkono wangu pale, "Anacheza? Unamsikia?" nami nikasema ninamsikia hata pale niliposikia mapigo ya kidole changu mwenyewe. Usiku wa yai lile hakutapika. Bibi alimshauri ajitapishe, akakataa, akasema kilichoingia kimeingia. Wiki chache baadaye alishikwa na homa kali. Hospitalini nesi alisema ni malaria, na malaria ya mwaka ule ilikuwa mbaya, iliwaua wenyeji na wageni bila kuuliza kabila. Mtoto alizaliwa wa kiume, ana nywele nyingi nyeusi, amekufa.

Mimi sisemi kwamba yai lilimwua. Nimesoma kidogo, nina watoto wanne, na kila mimba nilikula mayai mpaka mume wangu akalalamika. Ukiniambia leo kwamba ni yai nitakugombeza. Lakini Mama hakula akiwa na elimu yangu. Alikula akiamini, kwa moyo wake wote, kwamba anachokitafuna ni mtoto wake, ili wa mwenzake aliye nyuma ya kanga apone. Hilo ndilo nisiloweza kulizoea, na watu wakiniambia imani za zamani ni ujinga nanyamaza, maana nikianza nitasema vibaya.

Matanga yalikuwa madogo, kwa kuwa mtoto hakuishi. Wanawake wa Bukiriro walikuja kwa miguu, wakaketi na Mama chumbani. Mkubwa wao alikuwa shangazi yake, mwanamke aliyemlea, mwenye haki ya kuuliza lolote. Wanawe walipeleka ndizi kambini kila wiki, na neno lililosemwa mbele yake asubuhi lingeweza kuwa kambini jua likiwa bado juu. Kutoka kambini mpaka Bisibo hakukuwa mbali kwa mtu mwenye nia.

"Mwana wanje," shangazi akamwambia, yaani mwanangu, kwa upole kwanza, "urifanya nini? Urikura kitu kisichoriwa?"

Mama akasema, "Nilikula yai."

Chumba kizima kiliguna. Shangazi akaondoa mkono wake begani mwa Mama.

"Nani arikurazimisha? Ni huyu mkwe wako wa pwani?"

Bibi alikuwa kwenye kona, mbishi yule ambaye sikuwahi kumwona akishindwa na mtu. Alifungua kinywa. Mimi nami nilikuwa nimeshajaa, nimeshasimama nusu, niwaambie wote nani aliketi sebuleni kwetu na nani alikuwa stoo. Mama alitutazama, Bibi kwanza, kisha mimi, na Bibi akafunga kinywa chake, nami nikaketi.

"Hakuna aliyenilazimisha," Mama akamwambia shangazi yake. "Nilikuwa na njaa."